Manukato Yanayobebwa na Mafuta ya Shea

Mwezi huu tunazungumza juu ya manukato, na hasa manukato ambayo hayatoki kwenye chupa ya kupuliza.

Katika chupa ile, sehemu kubwa ya kilichomo ni spiriti. Kazi ya spiriti ni kuruka upesi na kuichukua harufu pamoja nayo. Ndiyo maana mama akijipulizia asubuhi ya Jumapili, benchi zima linapata habari zake, na jirani mwenye mtoto wa pumu hulazimika kutoka nje kabla ya mahubiri. Mafuta hufanya kinyume. Hushika harufu na kuiachilia kidogo kidogo kwa joto la mwili, na anayeisikia ni yule aliye karibu nawe. Kwa mwanamke aliyeolewa hilo si jambo dogo!

Njia hii ni ya kale. Katika Kutoka sura ya 30 tunasoma jinsi manemane, mdalasini, kane na kida vilivyotiwa katika mafuta ya zeituni. Mafuta yale matakatifu yalikatazwa kuigwa kwa matumizi ya kawaida, nasi hatuyaigi. Tunachokiangalia ni ile kazi ya mafuta kubeba harufu.

Zeituni haimei kwetu, lakini majirani zetu wa kaskazini mwa Uganda wana mti wa shea. Mti huu unaanzia Senegali, unapita Mali, Burkina Faso na Ghana, hadi Sudan Kusini na Uganda. Waacholi huyaita mafuta yake moo yaa, na huko Sudan Kusini huitwa lulu, jina ambalo sisi tungelitoa bila kusita. Kazi yote ni ya wanawake: kuokota kokwa, kuzichemsha, kuzikausha, kuzibangua, kuzikaanga na kuzisaga, kisha kukanda kwa maji mpaka mafuta yaelee. Mti huchukua miaka 15 hadi 20 kabla ya kuzaa vizuri, na mingi imeishia kwenye tanuri za mkaa. Mwezi wa Mei 2023 Rais Museveni alitoa amri ya kuzuia biashara ya mkaa katika maeneo ya kaskazini. Mama anayeokota kokwa huko anapoteza shamba lisiloweza kupandwa upya katika maisha yake, kwa hiyo tukinunua mafuta yake kwa bei ya haki tunampa sababu ya kuulinda mti.

Sasa tuingie jikoni. Mafuta ya shea yako ya namna mbili. Yale yaliyokandwa kwa mkono yana rangi ya manjano hafifu na harufu ya moshi na njugu. Usijaribu kuishinda harufu hiyo kwa ua laini, itakushinda. Ipe wenzake wenye nguvu, kama karafuu, mchaichai au udi. Yale yaliyosafishwa kiwandani ni meupe, hayana harufu, nayo ndiyo yanafaa kwa maua. Ya Uganda ni laini kuliko ya Afrika Magharibi, hivyo yataka nta zaidi kidogo.

Chukua vijiko vikubwa 4 vya shea, kijiko 1 cha mafuta ya nazi na kijiko 1 cha nta ya nyuki iliyokwanguliwa. Weka katika bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, usiweke motoni moja kwa moja. Yakiyeyuka, epua na usubiri yawe vuguvugu, kwani harufu ikiingia kwenye mafuta ya moto hupotea hewani. Tia matone 10 ya mafuta ya langilangi, 10 ya mchaichai na 4 ya karafuu, koroga, mimina katika kikopo kikavu, kisha upoze haraka ndani ya maji baridi. Yakipoa polepole huganda chembechembe kama uji wa mtama. Matone hayo usiyazidishe kwa tamaa. Karafuu nyingi huchoma ngozi, na mafuta ya ndimu au limau yaliyokamuliwa kwenye maganda yanaweza kuacha mabaka ukitoka juani.

Mama wa pwani mwenye asumini uani anayo njia nyingine, na kwetu hii ndiyo tamu zaidi. Kule Grasse, Ufaransa, watengenezaji wa manukato walitandaza maua ya asumini juu ya shahamu ya wanyama, kwa sababu asumini huendelea kutoa harufu hata baada ya kuchumwa. Badala ya shahamu, pakaza shea nyeupe katika sahani, unene wa nusu kidole. Panga maua makavu yasiyo na umande, funika, weka mahali pa baridi, na kila siku utoe ya jana uweke mapya. Baada ya siku 10 au 15 mafuta yenyewe yatanukia. Mawaridi hayakubali njia hii. Yakichumwa hupoteza harufu upesi, nayo hulowekwa katika mafuta ya vuguvugu.

Paka kidogo nyuma ya masikio na kwenye vifundo vya mikono, mahali mshipa unapopiga. Jaribu kwanza ndani ya mkono kwa siku moja. Kwa mtoto mchanga tumia shea tupu, bila tone la kitu chochote. Andika tarehe juu ya kikopo, usiingize kidole chenye maji, na siku ukisikia harufu ya mafuta yaliyochacha, yapakie viatu vya mzee.