Dirisha Lisilo na Mtu

Katika hospitali nyingi za Serikali mmeona maandishi yanayotaka mzee apishwe kwanza. Maneno hayo ni mema. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi kwamba mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo atatibiwa bila malipo. Lakini maandishi hayamtibu mtu.

Sisi tukaao Kinyerezi twaijua njia ya ahadi hiyo. Mzee huondoka alfajiri, hulipa nauli, hufika. Asipokuwa na kitambulisho cha msamaha, hana budi aonane na afisa ustawi wa jamii, athibitishwe kuwa hana uwezo. Afisa ni mmoja, na leo ameitwa kwingine. Mzee huambiwa arudi kesho. Akirudi mara tatu, nauli imekwisha kula fedha ya dawa. Je, hayo si malipo?

Wako wasemao kwamba kosa ni la wauguzi, kuwa ni wakali na wavivu. Hatukubali. Afanyaye kazi ya watu watatu lazima achoke, nasi tukimlaumu yeye twamwacha mwenye kosa apite. Mwaka 2016 Serikali ilisimamisha ajira mpya ili kuwahakiki watumishi hewa. Na mwezi wa Aprili 2017 watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi. Kuwaondoa waongo ilikuwa haki. Lakini kumwondoa mtu kitini ni nusu ya kazi. Kiti kitupu hakimhudumii mgonjwa.

Mpango wa mwaka 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya. Watu walichanga fedha, wakabeba mchanga, wakashangilia mawe ya msingi. Tena Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetuahidi makubwa zaidi. Lakini kadi nayo ni karatasi tu, ikiwa hapana wa kuipokea.

Basi, ndugu, katika mkutano wa mtaa tusiulize tu, "Jengo litakwisha lini?" Tuulize pia, "Watumishi wangapi wanatakiwa, wangapi wapo, na waliopungua watakuja lini?" Na jibu liandikwe, ili mkutano ujao tulisome tena mbele ya waliolitoa. Kisima kisicho na kamba hakimnyweshi mtu.