Mtoto wa Kariokor na Kipimo cha Parklands

Juzi nilipanda Nairobi kumtazama binti wa dada yangu anayeishi Kariokor. Ana mimba yake ya kwanza. Nilimkuta ameshika karatasi ya skani, macho mekundu. Ameambiwa mtoto ni mdogo. Shangazi zake wakamliwaza: "Usilie mwanangu, ukoo wetu watu wadogo."

Neno hilo nimelisikia Mombasa tangu utotoni. Je, ni kweli?

Mtoto haitwi mdogo mpaka alinganishwe na wenzake. Kwa miaka mingi, mashine nyingi za ultrasaundi zimetumia jedwali la daktari Hadlock wa Marekani, lililotolewa 1991 kwa kupima wanawake 392, wengi wao Wazungu wenye maisha ya wastani. Tulikuwa na haki ya kuuliza kwa nini mtoto wa Mswahili apimwe kwa pishi ya Mmarekani.

Swali hilo lilifanyiwa kazi, tena Nairobi hapo hapo. Mradi wa INTERGROWTH-21st, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Oxford, ulifuatilia wajawazito katika sehemu 8 za dunia, zikiwemo Muscat, ambako wengi wetu tuna jamaa, na Parklands, ambako kutoka Kariokor unafika kwa kupita Ngara tu. Matokeo yalitolewa 2014, kutokana na vipimo vya wanawake 4,321. Wote walikuwa na afya, wanakula vizuri, na tarehe za mimba zao zinajulikana. Ikaonekana kwamba mama akipata haki yake, watoto hukua karibu sawa kila mahali. Katika tofauti zote za urefu wao, asili ya mahali haikuchangia hata asilimia 4.

Wataalamu hawajakubaliana wote. Vipimo vya Shirika la Afya Duniani vya 2017, vilivyohusisha nchi 10 zikiwemo Kongo na Misri, vilionyesha kuwa nchi na umbo la mama vina sehemu yake. Kwa hivyo shangazi hawakukosea kabisa. Lakini ukoo uwe jibu la mwisho, si la kwanza. Kwanza tutazame shinikizo la damu, upungufu wa damu, kondo la nyuma na sahani ya mama. Mama wa Kariokor na wa Parklands hawatofautiani sana kwa damu. Mara nyingi wanatofautiana kwa mfuko.

Nikamuuliza binti yetu: "Skani ya kwanza ulipiga lini?" Akasema ndiyo hiyo, mwezi wa saba. Na tarehe ya hedhi ya mwisho? Haikumbuki vizuri.

Hapo ndipo penye tatizo. Mimba ikishakuwa kubwa, mashine hukisia umri wa mtoto kwa kutazama ukubwa wake, na inaweza kukosea hata kwa wiki 3. Mtoto aliyedumaa ataonekana mchanga tu, aachwe bila msaada. Mchanga naye ataitwa mdogo, mama akose usingizi. Hata kipimo kizuri namna gani hakifai kitu ikiwa umri haujulikani. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limeshauri tangu 2016 kila mjamzito apigwe skani moja kabla ya wiki 24.

Sasa ndugu zangu, tunachangishana harusi kwa wiki moja na pesa zikatimia. Skani ya mapema tunasema ni ghali, ingoje. Waume, hiyo ni nafaka (nafaqa) yenu. Dada zetu, andikeni tarehe na muwahi kliniki. Na serikali za kaunti zipeleke mashine, na watu wanaojua kuzitumia, kwenye zahanati za mitaani, si hospitali kubwa pekee.

Binti yetu ameambiwa arudi baada ya wiki 2 apimwe tena, kwa maana kipimo kimoja hakionyeshi kama mtoto anakua. Safari hii shangazi mmoja atamsindikiza. Mwenyezi Mungu amjaalie yeye na kila mja mzito ajifungue salama. Amin.