Shinyanga iingie darasani

Kila msimu wa mvua viongozi hupanda miche mbele ya kamera; kiangazi kikifika, mingi imekauka. Shinyanga ilipita njia nyingine. Misitu yake ilikuwa imefyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupisha pamba, hadi Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986, haukutegemea miche pekee. Ulirudi kwenye ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho wakati wa mvua na kuyafungua kiangazi. Ng'ombe walipozuiwa, visiki vya migunga vilichipua vyenyewe, kwa kuwa mizizi ilikuwa hai. Ngitili za hekta 600 hivi zikapita hekta 300,000 katika muda usiozidi miaka 20.

Wanafunzi wa ikolojia ya mandhari wapelekwe huko. Wausome mteremko mzima, kuanzia kilimani hadi mbugani, na wakae na wazee wa dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, wanaoamua nani achunge wapi na lini. Bila maamuzi hayo, hakuna kisiki ambacho kingesalimika. Serikali nayo iache kutangaza miche iliyopandwa. Itangaze miti iliyo hai baada ya miaka mitano.