Mtutu Mfupi ni Upi?

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya Kilwa. Wapiganaji walikuwa na mikuki, mishale na magobore, ambayo mengi yalikuwa na mitutu mirefu. Askari wa Wajerumani walitumia zaidi bunduki za Mauser za aina ya 1871, ambazo mitutu yake haikuwa mirefu kuliko ile ya magobore mengi. Yapo mazoea ya kusema kwamba mtutu mrefu ndio wenye nguvu na mfupi ni dhaifu. Lau kama urefu peke yake ungekuwa ndiyo nguvu, historia ya pwani ya Lindi ingesomeka vingine.

Fizikia inakubali sehemu tu ya mazoea hayo. Baruti inapowaka huzaa gesi, na gesi hiyo huisukuma risasi mpaka itoke mdomoni mwa mtutu. Kani ikizidishwa kwa umbali huwa ni kazi. Kama kani isingepungua wala pasingekuwa na msuguano, mtutu ukirefushwa mara mbili, kasi ya risasi ingeongezeka mara 1.4 tu, wala si mara mbili. Kwa kweli huongezeka chini ya hapo, kwa sababu gesi hupoteza kanieneo kadiri inavyotanuka. Mtutu ukipita kiasi, msuguano huanza kuipunguza kasi yenyewe. Kwa hiyo ufupi si sifa ya mtutu peke yake, bali ni uhusiano wa mtutu na baruti yake.

Gobore lilishindwa kwa mambo mengine. Hushindiliwa kwa kupitia mdomoni, kazi inayochukua muda na isiyofanyika kwa urahisi mtu akiwa amelala chini. Ndani ya mtutu wake ni laini, hivyo risasi hutoka bila kuzunguka na huyumba njiani. Mauser ilijazwa kwa nyuma, na mtutu wake ulikuwa na mifuo iliyoizungusha risasi. Hata hivyo, boma la Liwale lilitekwa na wapiganaji hao mwaka huohuo wa 1905.

Katika bastola swali ni gumu zaidi, maana kila sheria ina kipimo chake. Kanada hupiga marufuku bastola yenye mtutu wa milimita 105 au chini ya hapo. Uingereza, kwa sheria ya 1997, iliweka mpaka wa sentimita 30 kwa silaha za moto, isipokuwa aina chache. Basi mtutu wa sentimita 11 si mfupi kwa mpaka wa Kanada, lakini ni mfupi mno kwa ule wa Uingereza. Mipaka hiyo haikutokana na kanuni ya maumbile. Ni mapatano ya watu wanaohofia silaha inayofichika nguoni.

Tena hata kupima kwenyewe kuna utata. Mtutu wa bastola ya kawaida hupimwa pamoja na chumba cha risasi. Ule wa bastola yenye silinda hupimwa bila silinda. Bastola mbili zinaweza kuandikwa urefu mmoja, na kumbe njia ya risasi haikuhesabiwa kutoka mahali pamoja.

Hapana budi somo hili lifike darasani, ingawa hakuna haja ya silaha kufika huko. Mwanafunzi akiambiwa kitu ni kifupi, aulize: kifupi kuliko nini, kimepimwa kutoka wapi, na kwa shabaha gani? Swali hilo lina uzito wa pekee Kilwa na Lindi. Ni rahisi kusema kwamba mababu walishindwa kwa sababu waliamini maji, na kuishia hapo. Maelezo hayo huficha tofauti ya bunduki zilizojazwa kwa nyuma, bunduki za rashasha, na njaa iliyotokana na kuchomwa mashamba na maghala, ambayo iliua watu wengi kuliko risasi. Sayansi inayopima sawasawa huwatendea haki hata waliokwisha kufa.