Kipimo cha mate kisiishie kabatini

Mwanamume wa kwetu yuko tayari kukaa ukumbini tangu saa nane mchana akisubiri mpira, lakini foleni ya kupima damu hana muda nayo. Mkewe mjamzito akirudi na barua ya kliniki inayomwita mume, barua huishia chini ya godoro.

Huko Kisumu, Kenya, watafiti walijaribu njia nyingine. Baadhi ya akina mama wa kliniki walipewa vipimo vya VVU vya kinywani wavipeleke nyumbani, wengine wakapewa barua tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Kwa maelezo ya wake wenyewe, waume waliopima walikuwa karibu asilimia 91 upande wa vipimo, na takriban asilimia 52 upande wa barua. Tofauti hiyo si ndogo hata kidogo!

Sindano haipo. Unapitisha kifaa mara moja kwenye ufizi wa juu, mara moja wa chini, unakichovya kwenye kichupa na kusubiri dakika 20. Zikipita 40, usisome tena.

Wapo wanaouliza: kumbe mate yanaambukiza? La hasha. Kipimo hakitafuti virusi, kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili umewatengeneza kupambana navyo. Kunywea kikombe kimoja hakuleti UKIMWI.

Ugomvi wangu uko kwingine. Nimewahi kukiona kikiuzwa dukani kama pipi, muuzaji hana neno la kumwambia mnunuzi. Nani atamweleza kwamba mistari miwili bado haijamaliza kazi, ni lazima aende kuthibitisha kwa damu? Au kwamba aliyejiingiza hatarini wiki iliyopita anaweza kuonekana mzima, hivyo arudie baada ya miezi mitatu? Aliye kwenye ARV naye asikitumie, kitamdanganya.

Bei nayo isiwe kisingizio. Mwaka 2017 yalifikiwa makubaliano ya kuuza kipimo kimoja cha aina hii kwa dola 2 katika nchi 50 maskini. Wizara zetu zinunue kwa wingi, zianzie kliniki za wajawazito. Mama aulizwe kwanza, faraghani, kama mumewe ni mtu wa ngumi. Na kila pakiti iwe na maelezo kwa Kiswahili cha mtaani, pamoja na namba ya muuguzi atakayepokea simu hata usiku.