Picha ya Angani Haitoshi Bila Udongo na Neno

Wanafunzi wetu wa shule za upili hufundishwa kusoma picha katika somo la Jiografia, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, wengi hutoka darasani wakiamini kwamba picha iliyopigwa kutoka angani ni shahidi asiyehitaji kuhojiwa. Naamini picha hiyo huanzisha uchunguzi tu, haiukamilishi.

Tutazame vilima vyekundu vya pwani ya Essex, mashariki mwa Uingereza. Vinavyojulikana ni zaidi ya 300. Mwishoni mwa Enzi ya Chuma na chini ya utawala wa Warumi, watu walichemsha maji ya bahari katika vyombo vya udongo kandokando ya hori ili wapate chumvi. Moto uliuchoma udongo ukawa mwekundu, vyombo vikavunjika, na vigae na majivu vikarundikana hata vikawa vilima. Kilimo kimevisawazisha vingi. Lakini apitaye juu kwa ndege, shamba likiwa limetoka kulimwa, huona madoa mekundu yakifuata mkondo wa hori za kale. Atembeaye shambani hauoni mpangilio huo kwa urahisi. Hapo picha yastahili sifa.

Lakini mwinuko ulio kinamasini waweza pia kuwa tope lililotolewa mtaroni, au tuta la kuokolea mifugo maji yajaapo. Kutoka juu vyaweza kufanana. Vigae ndivyo vitofautishavyo, na sharti mtu ainame avitafute.

Shahidi wa tatu ni neno. Kamati ya kuvichunguza vilima hivyo ilipoundwa mwaka 1906, kabla ya picha za ndege kuenea, wenyeji walikuwa tayari wakiviita ‘vilima vyekundu’. Karibu navyo kuna kijiji kiitwacho Salcott, jina la Kiingereza cha kale lihusulo vibanda vya chumvi. Lakini Kiingereza kilianza kuingia huko karne ya 5, vilima vingi vikiwa vimekwisha kuachwa. Jina latuthibitishia chumvi, wala halitupi umri wa vilima. Neno nalo, basi, lina mipaka yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatujui watengenezaji wale waliviitaje vyombo vyao. Maneno yao yamepotea. Hapa kwetu Afrika Mashariki hasara hiyo yaweza kuzuiwa. Huko Kibiro, kando ya Ziwa Albert nchini Uganda, kuna kazi ya chumvi yenye umri wa karne nyingi. Wanawake hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, huukwangua ukishaifyonza, huuchuja kwa maji, kisha huyachemsha maji hayo. Kila hatua na kila chombo kina jina katika lugha yao. Ndege haiwezi kuyapiga picha majina hayo.

Kwa hiyo nawasihi walimu wa Jiografia, Historia na lugha washirikiane. Mwanafunzi aonyeshwe picha, apelekwe mahali penyewe, kisha aketi na wazee na kuandika maneno yao. Picha yaweza kupigwa tena mwaka ujao. Mzee akiondoka na msamiati wake, hatuna pa kuuchimbua.