Kikulacho ki Nguoni Mwako

Ewe msomaji kijana, wako watu katika Kisumu na kandokando ya Ziwa Viktoria ambao, redio ikikwaruza au intaneti ikizorota, hawana subira ya kutafuta sababu. Hulaumu radi za ziwani, humlaumu jirani, huilaumu kampuni, kisha hukimbilia dukani kununua chombo kipya. Nasema hukumu hiyo ni dhuluma, maana ushahidi haukutafutwa.

Radi hukwaruza redio, sikatai; lakini hukwaruza kwa vishindo, na ikipita hunyamaza. Mkwaruzo uanzao taa iwashwapo na ukomao taa izimwapo hautoki mbinguni. Watoka katika taa yenyewe. Chaja duni ina kosa hilo hilo. Mvuvi wa Dunga akikosa utabiri wa upepo kwa sababu hiyo, si jambo la mzaha. Kadhalika, jiko la maikrowevu hutumia mawimbi ya megahezi 2,450 hivi, na Wi-Fi nyingi hutumia mawimbi ya ujirani huo huo. Jiko likivujisha mawimbi kidogo tu, ruta iliyo karibu yaweza kushindwa kusikilizana na simu.

Watasema, "Hiyo ni kazi ya mafundi." Kijiji cha Aberhosan katika Wales kiliwategemea mafundi. Kwa miezi 18 intaneti yake ilizorota kila siku saa moja asubuhi. Nyaya zikabadilishwa bure. Mwaka 2020 ilitangazwa kwamba mkosaji alikuwa televisheni kuukuu ya mwanakijiji mmoja, aliyeiwasha saa hiyo bila kujua madhara yake. Mafundi waliinasa kwa kipimo chao, lakini saa ile ile ya kila siku ilikuwa imeshitaki tangu mwanzo.

Basi pima kabla ya kunena. Andika saa ya ghasia. Zima vyombo vyote ila kile kinachosumbuliwa, kisha viwashe kimoja kimoja. Ghasia ikirudi, kizime ulichowasha mwisho. Ikitoweka, mkosaji umempata: mtenge mbali au mbadilishe. Ghasia ikibaki hali vyote vimezimwa, hapo una haki ya kubisha kwa jirani, kwa upole, au kuidai kampuni, daftari mkononi.

Kupima hakugharimu senti. Kusingizia hugharimu fedha, na ujirani hauuzwi dukani.